Gauni Lisilo na Mikono

Kila siku baada ya shule Chaki alipitia dukani kwa mama yake, hata kabla ya kuvua viatu. Alifagia vipande vya kitambaa chini ya cherehani mbili, akaokota pini kwa sumaku, akaitia mafuta cherehani kubwa ambayo huanza kulia kama panya ikisahauliwa siku mbili. Jina la Chaki alipewa akiwa na miaka miwili, siku alipokutwa chini ya meza ya kukatia akiwa ameshatafuna nusu ya chaki ya fundi, midomo yote ya bluu. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu na jina lilikuwa limeshamganda.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya daftari. Mama alikuwa akimzungushia mteja tepu huku akitaja, "Kifua, sabini na nane!" na Chaki, juu ya stuli ndefu, anaitikia, "Sabini na nane!" kisha anaandika. "Bega, thelathini na sita!" "Thelathini na sita!" Wateja walicheka, wakasema mama na binti yake hawapimi nguo, wanaimba. Chaki aliyajua mazoea yote ya daftari lile. Kipimo ambacho bado hakijachukuliwa kiliwekewa kistari. Gauni lisilo na mikono liliandikwa sifuri mbele ya neno mikono. Kistari maana yake bado, sifuri maana yake hakuna.

Miezi sita iliyopita binamu yake alikuja kukaa nao. Alikuwa binti wa kaka yake mama, mwenye miaka kumi na miwili, mwembamba, asiyesema sana. Wazazi wake walikuwa wamepata kazi ya mbali, na wakaona ni heri asome akiwa kwa shangazi yake mpaka watakapotulia. Alikuja na begi moja la nguo na kompyuta kuukuu ya kukunja ambayo baba yake aliacha kuitumia. Wiki mbili za kwanza alikula kidogo na kulala mapema. Kisha akajiunga na klabu ya kompyuta shuleni, ile ile ya Chaki, na kufikia mwisho wa muhula alikuwa ametengeneza programu ya kutunza vipimo vya wateja wa duka.

Ilikuwa kazi nzuri, na hilo ndilo lililomuuma Chaki. Kila mteja alikuwa na kadi yake ndani ya programu: jina, kifua, bega, urefu, mikono, namba ya simu. Programu ilipofungwa, kadi zote ziligeuzwa maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari, na kuhifadhiwa kwenye faili. Ilipofunguliwa, ilisoma maandishi yale na kuyageuza kadi tena. Asubuhi ilionyesha juu kabisa majina ya watu wenye vistari, yaani wale ambao bado kuna kitu hakijapimwa.

Basi binamu ndiye aliyekalia stuli ndefu. Mama alitaja, "Kifua, themanini!" na sauti ndogo ikaitikia, "Themanini!" huku vidole vikibofya. Chaki alibaki na ufagio na bakuli la pini.

Wivu haukumjia kwa kelele. Ulikuwa kama pini iliyosahaulika kwenye pindo: ukikaa huisikii, ukigeuka inakuchoma. Binamu alisifiwa na mwalimu, ikachoma. Binamu alikatiwa kipande kikubwa cha mkate, ikachoma. Binamu alimwita "Dada Chaki" kwa heshima zote, nayo ikachoma zaidi, maana ni vigumu kumnunia mtu anayekuita dada.

Jumatatu moja mwalimu wa kwaya aliwaleta wasichana ishirini kupimwa magauni ya mashindano ya Jumamosi. Kitambaa kilikuwa cha kijani, na kila mmoja aliruhusiwa kuchagua: gauni lenye mikono mirefu au lisilo na mikono kabisa. Chaki mwenyewe alikuwa mwanakwaya wa sauti ya pili, na alichagua mikono mirefu yenye vifungo viwili viwili.

Wa mwisho kupimwa alikuwa msichana waliyemwita Kinanda. Yeye ndiye aliyeimba peke yake katikati ya wimbo, na bila yeye wimbo haukuwa na katikati. Alivaa sweta siku zote, hata siku za jua kali. Mama alipima kifua, bega na urefu, kisha akainua tepu.

"Haya, mikono."

Kinanda akalishika pindo la sweta kwa vidole vyote na kutazama sakafu.

"Shangazi," binamu akasema taratibu kutoka juu ya stuli, "mikono ya huyu tuiache kwanza. Atakuja siku nyingine, watu wakiwa wamepungua."

Mama akamtazama binamu, akamtazama Kinanda, akaelewa. "Sawa. Weka kistari."

"Nimeweka. Programu yenyewe itatukumbusha."

Wasichana walipoondoka mama alipita karibu na stuli na kumshika binamu begani. "Una macho yanayoona, mwanangu."

Mwanangu! Chaki alikuwa amepiga magoti akiokota pini. Hakuwa ameona sweta wala vidole vya Kinanda. Alisikia neno hilo tu.

Jioni ile mama na binamu walipokwenda kununua uzi, Chaki aliifungua kompyuta na kulitazama faili. Liliandikwa hivi:

jina: Kinanda
kifua: 76
bega: 35
urefu: 118
mikono: -
simu: -

Akashuka chini. Vistari, vistari, vistari. Wengi hawakuwa na simu. Wasichana wawili waliondoka kabla ya kupimwa mikono. "Faili gani hili?" Chaki alijisemea. "Kama kabati la mtu aliyehama." Naye pia alijifunza klabuni. Aliongeza maelekezo mafupi kwenye programu: wakati wa kuandika faili, kila nafasi iliyo tupu irukwe, mstari wake usiandikwe kabisa. Akahifadhi. Faili lililokuwa refu likapungua kama shati lililofuliwa kwa maji ya moto.

Mama aliporudi, Chaki alimwonyesha. "Mama, nimeisafisha orodha. Ilikuwa na takataka nyingi."

Mama, aliyekuwa na pini tatu mdomoni na gauni la mtu mkononi, aliguna, "Mm. Imependeza."

Chaki akalala na maneno hayo mawili kama mtu aliyepewa zawadi. Chaki hakumwambia binamu chochote. Kumuuliza au kumweleza kungekuwa kama kumpisha njiani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Chaki hakulijua, kwa sababu hakuuliza. Duka lilishona sketi pia, na sketi haina mikono, hivyo kwenye kadi za sketi mstari wa mikono haukuandikwa kabisa. Binamu aliiagiza programu kwamba ikisoma faili na kukosa mstari huo, ijaze sifuri na kuendelea, isikwame. Kistari kiliilinda kadi ya Kinanda. Sasa kistari hakikuwepo. Siku iliyofuata programu ilisoma faili, ikakosa mstari, ikajaza sifuri.

Binamu alipofungua kompyuta Jumanne baada ya shule, juu kabisa paliandikwa: hakuna anayesubiri kupimwa. Alishangaa kidogo. Akatazama kadi ya Kinanda, akaona mikono sifuri. Akadhani Kinanda alipitia dukani asubuhi kabla ya shule, akaongea na shangazi, akaamua kuacha mikono. Hakutaka kumchokonoa mtu kwa jambo lake, akachapa orodha kwa printa. Mama alipoiona ile sifuri naye alisita. Akadhani watoto wameshazungumza shuleni. Akakata.

Alhamisi baada ya shule Kinanda alikuja peke yake. Dukani hapakuwa na wateja.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kupimwa mikono."

Mama alisimama na gauni la kijani mkononi, limeshashonwa, limeshapigwa pasi. Mashimo mawili ya mikono yalikuwa yamekunjwa na kupindwa vizuri kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Kwani... hukuchagua lisilo na mikono?"

Kinanda alilipokea gauni, akalipima kwa macho, akalikunja. Hakulia. Aliliweka mezani kwa adabu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Ni zuri," alisema. "Ila mimi sitaweza kulivaa. Nitamwambia mwalimu amtafute mtu mwingine wa kuimba katikati."

"Hebu ngoja kwanza, mwanangu—"

Lakini alikuwa ameshatoka.

Mama aliwageukia watoto wawili. "Nani aliandika sifuri?"

Binamu alifungua kompyuta, uso umemshuka. "Shangazi, mimi niliweka kistari. Nakumbuka kabisa."

"Hapa panasema sifuri."

"Basi... nitakuwa nimekosea mahali. Nisamehe, Shangazi."

Mama hakupiga kelele. Alifunika kompyuta kwa kiganja, polepole. "Si wewe, labda ni hii mashine. Lakini kitambaa kimekwisha, na mashindano ni keshokutwa. Kuanzia leo turudi kwenye daftari. Chaki, panda kwenye stuli."

Chaki akapanda. Alichokitamani kwa miezi kadhaa alikipata hivi hivi, bila kusema neno, na angeweza kuendelea kukaa kimya na kukitunza. Hakuna ambaye angejua. Binamu aliuchukua ufagio.

Akaingia mteja, mama mmoja mnene mcheshi aliyetaka gauni la harusi ya mdogo wake. "Kifua," mama alitaja, "mia moja na nne!"

Chaki alikuwa akiutazama ufagio mikononi mwa binamu, akasahau kuitikia.

"Mia moja na nne, au unataka niipunguze, mtoto?" mteja alitania. "Hata mimi ningependa!"

"Mia moja na nne," Chaki akanong'ona. Akatafuta penseli, ikawa imevunjika ncha. Kabla hajasema kitu, mkono mdogo ulimletea nyingine.

"Nimekuchongea, Dada," binamu alisema, akarudi kufagia.

Hapo ndipo Chaki aliposhindwa. Angetukanwa angevumilia. Angenuniwa angefurahi. Aliandika vipimo vyote huku namba zikimchezacheza machoni, na mteja alipotoka tu, akateremka.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyefuta vistari. Jumatatu, mlipokwenda kununua uzi. Niliiagiza programu iruke nafasi tupu zote. Nilitaka... nilitaka useme kazi yangu ni nzuri kuliko yake."

Binamu akatupa ufagio.

"Uliongeza mstari? Wapi? Nionyeshe!" Aliifunua kompyuta, akasoma, akajipiga paji la uso. "Kumbe! Na ile yangu ya sketi ikaona hakuna mstari, ikajaza sifuri! Nami nilishaanza kudhani nimerogwa." Alicheka, kisha kicheko kikakatika. Macho yakamjaa maji. "Mbona hukuniuliza, Dada? Ningekwambia kile kistari ni cha nini."

"Kukuuliza ningeona kama nimekubali."

"Kukubali nini?"

Chaki alimtazama mama yake, na yote aliyoyabana miezi sita yakamtoka kwa mkupuo. "Kwamba hunihitaji tena, Mama. Ulimpa stuli yangu. Unamwita mwanangu. Mimi umeniachia pini."

Mama alivuta kiti cha cherehani akakaa. "Nani alikwambia sikuhitaji?"

"Hakuna aliyeniambia. Hujaniambia chochote."

"Ehe. Mimi nilikaa kimya, wewe ukajaza sifuri." Mama akamvuta karibu. "Sasa nisikilize. Huyu mdogo wako alipokuja hakuwa akila. Kitu cha kwanza kilichomfanya aongee mezani ni hiyo programu. Ningemnyang'anya? Na wewe nilikuwa na mpango nikutoe kwenye kalamu nikuweke kwenye mkasi, uanze kujifunza kukata. Nilisema ngoja kwaya ipite kwanza. Sikukwambia, na hilo ni kosa langu. Lakini na wewe una midomo, mwanangu. Tangu ulipotafuna ile chaki sijawahi kukuona ukikosa la kusema."

Chaki akacheka na kulia kwa pamoja, kitu kigumu kukifanya vizuri.

"Ila hatujamaliza," mama aliendelea. "Kuna mtoto ametoka hapa ameinamisha kichwa. Mnasemaje?"

Kitambaa cha kijani kilikuwa kimekwisha, na muuzaji alikuwa ameshauza jora la mwisho. Chaki alitazama magauni yaliyotundikwa ukutani. La kwake lilikuwa la tatu, lenye mikono mirefu na vifungo viwili viwili.

"Chukua mikono yangu," alisema.

"Una hakika? Uliitaka sana."

"Niliitaka. Lakini mimi naweza kuimba bila mikono. Yeye hawezi."

Chaki na binamu walimpata Kinanda nyumbani kwao akiosha vyombo bombani, sweta limelowa mpaka viwikoni. Njiani Chaki alikuwa amejipangia hotuba nzima. Alipofika ilibaki sentensi moja.

"Lile gauni lilikatwa vile kwa sababu yangu. Huyu aliandika bado, mimi nikafuta."

Kinanda alisuuza sahani moja taratibu. "Mmemwambia nani kuhusu mikono yangu?"

"Hatujui chochote kuhusu mikono yako," binamu alijibu, "na hatuulizi. Tunauliza kipimo tu. Ukipenda."

Kinanda aliwatazama wote wawili, kwa zamu. Kisha akafuta mikono kwenye sketi na kuvuta mikono ya sweta juu. Kutoka kiwikoni kushuka, ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa, kama kitambaa kilichopigwa pasi ya moto sana. "Maji ya moto," alisema. "Nilikuwa na miaka minne. Sipendi kutazamwa, basi."

"Nikupime mimi, au mama yangu?" Chaki aliuliza.

"Wewe."

Chaki alinyoosha tepu toka begani mpaka kifundo cha mkono, kwa uangalifu, kama anayepima mtoto aliyelala. "Hamsini na mbili."

"Hamsini na mbili," binamu aliitikia, akaandika kiganjani kwa kalamu, maana daftari walilisahau.

Wasichana wale wengine wawili waliokuwa na vistari waliulizwa shuleni Ijumaa. Walicheka, wakasema afadhali lisilo na mikono, joto lote hili. Safari hii wao wenyewe ndio waliosema. Jioni Chaki alifumua mikono ya gauni lake mshono kwa mshono, na mama akaishona kwenye gauni la Kinanda. Kwenye meza ya pili binamu aliitengeneza programu, Chaki akiwa bega kwa bega naye. Nafasi tupu ikaandikwa kwa kistari kila mara, bila kurukwa. Sketi ikawekewa neno lake, haihusiki. Na programu ikikuta mstari haupo kabisa, isijaze kitu kutoka kichwani mwake. Isimame na kuuliza.

"Iulize vipi?" binamu alisema. "Andika wewe, Dada. Mimi maneno hunishinda."

Chaki akafikiri, akaandika: Sina habari ya kipimo hiki. Tafadhali muulize mwenyewe.

Jumamosi kwaya ilishika nafasi ya pili. Kinanda alisimama katikati na mikono mirefu yenye vifungo viwili viwili, akaimba mpaka mwamuzi mmoja akasahau kalamu yake hewani. Chaki alisimama mstari wa nyuma, mikono wazi, upepo ukimtekenya.

Wakati wa kurudi nyumbani mama alitembea katikati yao, amewashika wote wawili.

"Nimewaza sana wiki hii," alisema. "Kosa halikuwa la Chaki peke yake. Huyu aliona sifuri, akadhani nimeshaongea na yule mtoto. Mimi niliona sifuri, nikadhani nyinyi mmeshaongea naye. Watu watatu, na hakuna aliyeuliza. Kutojua si aibu, wanangu. Andika tu kwamba hujui, paonekane. Hatari ni kuona nafasi tupu, ukaiziba kwa kitu ulichokiwaza mwenyewe, halafu ukakiamini. Wivu nao hufanya kazi hiyo hiyo. Hukuta pahali ambapo hujaambiwa kitu, ukapajaza ubaya. Ukiona pengo, uliza. Na ukikosea, sema mapema kama alivyosema Chaki, wakati bado kuna siku ya kurekebishia."

Chaki alikuwa na swali lililomsumbua tangu jukwaani, na kwa mazoea yake alikuwa ameshaanza kujijibu.

"Mama," akasema, "leo niliimba vizuri?"

"Ubeti wa pili ulipotea njia kabisa," mama akajibu. "Sehemu nyingine yote ilinifurahisha moyo."

"Hata mimi nilisikia ukipotea," binamu akaongeza.

"Wewe sikukuuliza!" Chaki akasema, akamkimbiza mpaka mwisho wa mtaa, wote wawili wakicheka.